Penseli ya HB

Siku matokeo ya KCPE yalipotoka magazetini, mwishoni mwa Desemba 2006, mama yangu alifunga kibanda chake cha viatu vya mitumba pale Toi saa nne asubuhi. Mtu wa Toi hafungi saa nne. Tulipanda pamoja hadi Adams Arcade, kwa mzee mmoja aliyekuwa akitandaza magazeti chini karibu na stage, na mama hakununua. Aliinama tu akasoma ukurasa wa kwanza pamoja na watu wengine kama kumi waliokuwa wanasoma bure vilevile. Kulikuwa na picha ya mtoto aliyebebwa juu juu na jamaa zake. Mama aliitazama kwa muda, kisha akaniambia, "Wewe hauko hapa," kwa sauti ya mtu ambaye kwa kweli alikuwa ametarajia nitakuwepo.

Nilikuwa nimepata alama 368 kati ya 500. Tuliziona baadaye kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani shuleni. Kwa ploti yetu zilikuwa alama za kuchinja kuku. Upande ule mwingine wa mtaa, kwa wale tuliowaita mababi, zilikuwa alama za mzazi kununa wiki nzima akihesabu karo aliyopoteza.

Kuelewa kwa nini karatasi ile ya ukutani ilikuwa na uzito, simama Adams Arcade uangalie pande zote mbili. Jengo lenyewe lilijengwa na Abdul Habib Adam miaka ya 1950, likawa mojawapo ya vituo vya kwanza vya maduka ya namna yake Afrika Mashariki. Kaskazini kuna Kilimani. Kusini, ukishuka na Joseph Kang'ethe Road, kuna Woodley, mtaa ambao hapo mwanzo ulijengwa kwa ajili ya Wazungu, halafu Toi, halafu Kibra, ardhi ambayo Wakoloni waliwaruhusu askari wao Wanubi kukaa bila kuwapa hati. Kutoka ghorofa za Kilimani hadi mabati ya Kibra ni mwendo wa miguu wa chini ya nusu saa. Watoto wa pande hizi mbili hatukucheza pamoja, hatukuugua hospitali moja, hatukupanda gari moja. Kitu kimoja tu tulichokifanya pamoja, siku ileile, saa ileile, dakika zilezile, ni mtihani wa darasa la nane. Karatasi moja, maswali mamoja, penseli moja ya HB. Na juu ya karatasi hiyo hukujibu kwa jina la baba yako, ulijibu kwa nambari.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Watu wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Mimi sikujua nishangilie au vipi. Tangu wakati huo nimekuwa nikisoma historia ya mitihani hii kama mtu anayepekua barua za mzazi aliyefariki, nikitafuta kama kweli alitupenda.

Huko nyuma mtihani haukuwa na nia ya kumsawazisha mtu yeyote. Serikali ya kikoloni iliendesha shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Kila kundi na majengo yake, bajeti yake na njia yake ya kupanda. Mapendekezo ya kamati ya Beecher ya 1949 yalimgawia Mwafrika masomo kwa vipande vya miaka minne minne, na kila kipande kikafungwa kwa mtihani. Mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja alifanya mtihani wa kuchujwa baada ya darasa la nne, na wengi waliishia hapo. Waliobaki walingojea KAPE darasa la nane, wakachujwa tena. Wazazi Waafrika walikasirika sana. Waliona wazi kwamba chujio lile halikuwekwa ili kupata wenye akili, bali kwa sababu nafasi zilikuwa chache na zilikusudiwa zibaki chache.

Na chujio hilo lilikuwa na lugha yake. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind habari za mvulana wa darasa lake, mwaka 1954, aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kizungu. Kizungu alianguka, na kwa hiyo akahesabiwa ameanguka mtihani mzima. Akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe hakuwa na matokeo makubwa kama ya huyo mwenzake, lakini Kizungu alikipita, akaenda Alliance. Nikisoma kisa hiki huwa simfikirii Ngũgĩ. Namfikiria yule jamaa aliyening'inia mlangoni mwa basi akiita abiria, akijua hesabu kuliko dereva, kondakta na pengine mwenye basi.

Halafu uhuru ukaja, na hapa ndipo mtihani ulipopewa kazi mpya. Tume ya Ominde ya 1964 ilitaka shule za rangi zife na nchi iwe na mfumo mmoja. Mitihani ya kuingia sekondari iliunganishwa ikawa mmoja, na baada ya muda mfupi ukaitwa CPE: Kizungu, Hesabu na karatasi ya mambo mengineyo, kila moja pointi 12, jumla 36. Wazee wetu hadi leo wanakuambia pointi zao za CPE kama wanavyokuambia kijiji walichozaliwa. Mitihani ya sekondari nayo iliondolewa polepole mikononi mwa Cambridge, ikaenda kwa baraza la Afrika Mashariki lililoundwa 1967, na 1980 Kenya ikaanzisha baraza lake, KNEC.

Jaribu kuwaza ilivyokuwa 1966 kwa mpishi wa nyumba ya Mzungu Kilimani. Kwa mara ya kwanza mtoto wake na mtoto wa mwajiri wake wangeweza kukalia swali moja. Tusidharau hilo. Kabla ya hapo hata kushindwa kwao kulikuwa kwa aina mbili.

Ila karatasi iliungana kabla ya madarasa kuungana. Shule za msingi zilizokuwa za Wazungu katika vitongoji vya magharibi vya Nairobi zilifungua milango kwa rangi zote, kisha zikaweka karo ya juu mlangoni. Rangi ilitoka, pesa ikakaa kwenye kiti chake, kikiwa bado na joto. Watoto wa maafisa wapya wa serikali waliingia humo, wakafundishwa na walimu waliohitimu, Kizungu wakikisikia nyumbani, kwenye redio na uwanjani. Halafu wote wakafanya CPE "sawa". Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walipokuja Kenya na kuandika ripoti yao kubwa ya 1972 kuhusu ajira na usawa, mtihani huu ulikuwa miongoni mwa vitu walivyovishika shati. Walisema unaendesha masomo yote ya msingi kwa faida ya wachache watakaoenda sekondari, na unawaacha wengi wakiwa na karatasi isiyowasaidia kitu.

Kilichofuata ni sehemu ya historia hii ninayoipenda zaidi, na karibu hakuna mtu wa rika langu anayeijua. Katikati ya miaka ya 1970, mtafiti aliyeitwa Anthony Somerset, akifanya kazi na sehemu ya mitihani ya wizara, alifanya jambo ambalo ni rahisi mpaka linaudhi: alichukua majibu ya watoto akayasoma, swali kwa swali. Nani anapata swali gani, wa wapi, na kwa nini? Akaona kwamba mengi ya maswali ya CPE yalikuwa ya kukariri, na kwamba kukariri kulimfaa mtoto mwenye vitabu, mwenye mwalimu mzuri, na mwenye wazazi wanaoweza kumlipia arudie darasa la saba hadi apite. Mtihani haukuwa unapima akili peke yake. Ulikuwa pia unapima nyumba.

Basi maswali yakaanza kubadilishwa. Nitatoa mfano wangu mwenyewe, si wa karatasi yoyote. Ukimwuliza mtoto wa Turkana na wa Kilimani jina la chombo cha kupima mgandamizo wa hewa, umeshachagua mshindi kabla hawajaketi. Ukiwauliza kwa nini kisima kisichimbwe chini ya choo kwenye mteremko, sasa wote wawili wanalazimika kufikiri, na yule wa kijijini hata ana faida kidogo. Hiyo ndiyo njia iliyofuatwa: maswali ya kufikiri, ya kilimo, ya afya, ya mambo ambayo mtoto asiyeendelea na sekondari angeyatumia maishani. Na kila mwaka shule zilitumiwa jarida lililowaeleza walimu ni maswali gani watoto walikosea na walikuwa wanawaza nini walipokosea. Kwa mara ya kwanza mtihani ulikuwa unajibu barua.

Ninasisitiza hili kwa sababu tumezoea kubishana kama mitihani ni mizuri au mibaya, kama vile mtihani ni mvua inayonyesha tu. Mtihani huandikwa na watu ofisini. Swali la kumi na saba lina mwandishi. Anaweza kuamua nani atabasamu akilisoma.

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4 na KCPE. Kiswahili kikaingia kama somo la lazima la mtihani, jambo ambalo CPE haikuwahi kulifanya. Nadhani hatujalipima vizuri kama suala la usawa. Mtoto wa Nairobi wa ploti za Kibra, ambaye Kizungu alikuwa anakikuta darasani tu, ghafla alikuwa na karatasi moja ambayo lugha yake aliiamkia kila siku. (Sisi wenyewe tuliiharibu faida hiyo kwa Sheng, lakini hiyo ni insha nyingine, na mwalimu wangu wa Kiswahili angeipa alama saba kati ya arobaini.) Wakati huohuo serikali iliamuru kwamba sehemu kubwa ya nafasi za sekondari, asilimia 85, iende kwa watoto wa wilaya shule ilipo. Ilisawazisha kwa kiasi fulani, na pia ilimfungia mtoto wa wilaya maskini katika shule maskini za wilaya yake. Nyundo ileile ilijenga ukuta na ikapasua ukuta.

Miaka ya 1990 tukafika kwenye biashara. Bajeti za shule za umma zilikaukiwa, wazazi wakatozwa ada za kila namna, na akademi za kibinafsi zikachipuka kila kona. Matokeo ya kila mwaka yalitangazwa kwa orodha: shule ya kwanza nchini, ya pili, ya mia. Mwenye akademi aliyeingia kumi bora hakuhitaji tangazo jingine mwaka mzima.

Na katikati ya orodha hizo kukawa na kituko. Shule ya Msingi ya Olympic, shule ya umma, pale pale Kibra. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa mojawapo ya shule za umma zilizofanya vizuri zaidi Nairobi yote. Watu wa ng'ambo walikuwa wanauliza maana yake. Sisi tulijua maana yake: watoto waliokuwa darasani kabla ya jua, walimu wasiokwenda nyumbani, wazazi wanaochanga, karatasi za mazoezi zinazopitishwa mkono hadi mkono mpaka zinakuwa laini kama leso. Watu wa Kibra walikuwa wameusoma mchezo wakaujua. Mtihani ulikuwa ukuta, sawa, lakini ulikuwa ukuta usiosogea. Ukijua urefu wake unaweza kujenga ngazi. Mama yangu, aliyeishia darasa la sita, aliweza kuniambia uzito wa kila karatasi katika KCPE na makosa niliyofanya katika kila mojawapo.

Hakuna mahali pengine katika dola ya Kenya ambapo mama wa Toi alikuwa na ujuzi sawa na wakili wa Kilimani. Polisi, ardhi, hospitali, kanjo, kote huko wakili alijua njia asizozijua. Katika KCPE walijua kitu kilekile.

Januari 2003 serikali ya Kibaki ilifuta ada za shule za msingi. Nilikuwa naingia darasa la tano. Tulikuwa tunakaa watatu kwa dawati, tukawa watano, na wa sita akakaa kwenye jiwe alilokuja nalo mwenyewe. Wiki ya pili alikuja kijana mwenye ndevu. Kuna watu wanaosimulia mwaka ule kama sikukuu, na ilikuwa sikukuu, nchi nzima zaidi ya watoto milioni moja waliingia. Lakini walimu hawakuongezwa kwa kasi hiyo. Mwalimu wetu wa hesabu, aliyekuwa anasahihisha kila daftari kila jioni, alijaribu hadi Machi, kisha akaacha. Simlaumu. Shule za umma za Kibra zilizokuwa zinapanda zikalemewa na wema wenyewe. Watafiti waliozunguka Kibra 2003 walihesabu shule za kibinafsi 76 humo ndani, nyingi zikiwa za mabati, na wazazi wengine waliendelea kulipa huko ilhali masomo yalikuwa bure jirani, kwa sababu huko angalau daftari lilisahihishwa.

Hivyo ndivyo nilivyofikia zile 368.

Ziliniitisha shule ya bweni ya mkoa, mbali kidogo na Nairobi. Barua ilikuja na orodha ya vitu: godoro, sanduku la chuma, blanketi, viatu jozi mbili, karo ya muhula. Viatu tulikuwa navyo. Mama alilipa muhula wa kwanza kwa akiba, wa pili kwa chama, wa tatu kwa deni. Halafu ikawa Desemba 2007, uchaguzi, na katika siku zile za moto soko la Toi liliteketea. Kibanda, mizigo miwili ya viatu ambayo haikuwa imelipiwa, daftari la wadeni wake, vyote. Januari 2008 sikurudi bwenini. Mwaka huohuo serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari za kutwa, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi, na ndiyo sababu pekee nilimaliza: niliingia shule ya kutwa ya karibu, nikiwa na sare ya shule ya zamani iliyopakwa rangi.

Nasimulia haya si kutafuta huruma. Ni kwa sababu ndani ya mwaka mmoja nilipewa somo ambalo vitabu vya elimu vinalieleza kwa kurasa mia tatu. Karatasi ilinitendea haki. Nambari yangu ilisahihishwa na mashine ambayo haikujua Toi ni wapi. Lakini alama ilikuwa tiketi tu, na tiketi haibebi mizigo.

Nilimaliza KCSE 2010, na 2011 nikapata kazi katika saiba moja pale Adams, kuchapisha na kupiga kopi. Huko ndiko nilikofuata kesi ambayo kwangu ndiyo kilele cha hadithi hii yote. Baada ya KCPE ya 2010, serikali iliamua kugawa nafasi za shule za kitaifa, ambazo wakati huo zilikuwa 18 tu, kwa kufuata idadi ya watahiniwa wa umma na wa kibinafsi. Kwa kuwa watoto wengi walikuwa shule za umma, nafasi nyingi zingeenda huko, hata kama alama za juu kabisa zilikuwa zimejaa akademi. Mtoto wa akademi mwenye 400 na zaidi angeweza kukosa, na wa shule ya umma mwenye alama chache kuliko yeye akaingia.

Wazazi wa shule za kibinafsi walikwenda mahakama kuu. Kesi inajulikana kwa jina la John Kabui Mwai na wenzake dhidi ya KNEC. Hoja yao ilikuwa nzito: Katiba mpya, iliyokuwa na umri wa miezi michache, inakataza ubaguzi, watoto hawakuchagua shule waliyopelekwa, mtihani ulikuwa mmoja. Mahakama iliikataa hoja hiyo. Kwa ufupi ilisema kutendea watu tofauti si lazima iwe ni kuwabagua, na kwamba Katiba hiyohiyo inairuhusu serikali kuwanyanyua walioachwa nyuma.

Kwenye saiba yetu kesi hii ililiwa kila siku pamoja na chai. Wateja wa asubuhi, waliokuja kuchapisha barua za ofisi, walikuwa upande wa wazazi. Wateja wa jioni, waliokuja kuchapisha barua za kuomba kazi, walikuwa upande wa serikali. Mama mmoja wa makamo, mpole, mteja wangu wa kila wiki, aliniambia, "Mwanangu alisoma hadi saa tano usiku miaka miwili. Kosa lake ni nini?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Mtoto wake hakuwa na kosa. Lakini nilikumbuka dawati la watano na yule wa sita juu ya jiwe, nikajiuliza kama alama 350 kutoka juu ya jiwe ni pungufu kuliko 410 kutoka kwenye chumba chenye taa. Kujibu kwamba ni pungufu ni kusema mtihani unapima alichofika nacho mtu. Kujibu kwamba si pungufu ni kusema unapima alikotoka pia. Somerset alikuwa ameuliza swali hilohilo miaka 35 kabla, ila yeye alilitia kwenye maswali. Hawa wa 2011 walilitia kwenye nafasi.

Wakenya nasi tukapata njia. Wazazi wengine waliwasomesha watoto akademi, ikifika darasa la nane wakawasajili mtihani katika shule ya umma. Kuna wasee wangu wawili waliofanya hivyo, na wote wawili wanashika nyadhifa nzuri leo, kwa hiyo tuendelee.

Yaliyobaki yalipita haraka. Mwaka 2014 waziri Kaimenyi alipiga marufuku kupanga shule kwa orodha, na akademi zikalia kama zimefiwa. Wizi wa mitihani ulifika mahali ambapo bodi ya KNEC ilivunjwa 2016, na waziri Matiang'i akafungia karatasi kwenye makontena yenye kufuli mbili. Watahiniwa wa KCSE waliopata A walikuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015. Mwaka uliofuata walikuwa 141. Mtu angedhani nchi nzima ilipigwa na homa. Takwimu hiyo hunikera kwa sababu moja: karatasi iliyovuja ilikuwa na bei, na bei haikuwa ya watu wa Toi. Kila mwaka uliouzwa ulikuwa mwaka ambapo ukuta usiosogea ulisogezwa usiku.

Na sasa tuko kwenye mtaala mpya. Mwishoni mwa 2025 kundi la kwanza la gredi ya tisa lilifanya mtihani wa KJSEA. Nafasi ya kwenda sekondari ya juu inapimwa hivi: asilimia 60 inatoka kwenye mtihani huo, 20 kwenye tathmini ya gredi ya sita, na 20 kwenye kazi zinazofanyiwa shuleni na kupimwa na walimu. Nia yake naielewa. Mtoto asihukumiwe kwa asubuhi tatu za Novemba. Mimi mwenyewe nilifanya karatasi ya sayansi nikiwa na homa.

Lakini ile asilimia 20 ya shuleni ndiyo inayonikosesha usingizi. Mpwa wangu alikuwa katika kundi hilo. Dada yangu anauza mboga Toi, kibanda cha nne kutoka kile cha mama, na kwa miaka miwili nilikuwa napigiwa simu: mjomba, tunatakiwa kupiga picha ya mradi tuichapishe kwa rangi. Mjomba, mwalimu amesema tutafute video. Mjomba, tunahitaji waya, mbegu, gundi, kadibodi. Mwaka mmoja alitakiwa kulima mboga kwenye bustani ya nyumbani. Nyumbani kwao ni chumba cha futi kumi kwa kumi. Tulipanda sukumawiki kwenye debe la mafuta juu ya paa la choo cha ploti, likaibwa na debe lake.

Siku moja nilimsindikiza saiba pale Adams, si ile yangu, hiyo ilishafungwa ikawa duka la vipodozi. Mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na baba mmoja aliyekuja na gari, anachapisha mradi wa mwanawe. Kurasa kumi na mbili, rangi tupu, michoro imepangwa vizuri kama ripoti ya benki. Mtoto mwenyewe hakuwepo. Baba alisoma ukurasa mmoja, akakunja uso, akamwomba kijana wa saiba amrekebishie kichwa cha habari.

Mpwa wangu alikuwa na kurasa mbili, nyeusi na nyeupe, shilingi ishirini. Alizitazama zile kumi na mbili zikitoka kwenye mashine moja baada ya nyingine, bado zina joto.

"Mjomba," akaniuliza, "hii inasahihishwa na nani?"

"Mwalimu wenu."

"Anaona jina?"

Nikamwambia ndiyo, anaona jina.